Hivi nani alituaminisha kwamba anayechana rap ni muhuni: redio, magazeti au wao wenyewe?

#1 Kandambili Nyekundu

Wakuu habari za jioni.

Juzi nilikuwa kwenye kikao cha harusi ya binti wa jirani huku Mbagala, tukafika kipengele cha burudani. MC akasema kuna kijana atachana dakika tano, ni mpwa wa bwana harusi. Mzee mmoja akanyoosha mkono, "jamani hii ni harusi ya watu wenye heshima zao, mambo ya kihuni hapana." Wajumbe wote vichwa juu chini kukubali. Haijapita hata robo saa kikao hicho hicho kikapitisha kwa kauli moja hela ya kundi la taarab ya rusha roho, na sote tunajua mle ndani mke mwenza anaambiwa maneno ambayo nikiyaandika hapa mods (wasimamizi) wanaufuta uzi.

Nikawa nawaza njia nzima. Mwaka 2001 mzee wangu alichomoa mkanda wote wa kaseti yangu ya bongo fleva, aliuvuta kama anatoa utumbo wa kuku, akautupa juu ya mwembe. Ukakaa kule mpaka masika, jua likiwaka unameta. Hakuwahi kusikiliza hata wimbo mmoja. Nilimuuliza baba umejuaje ni uhuni na hujasikiliza, akanijibu "nimesoma gazetini". Na kwenye kaseti ile mlikuwa na Ndio Mzee ya Professor Jay, wimbo wa kumchamba mgombea muongo! 2015 Jay kachaguliwa mbunge wa Mikumi, mzee huyo huyo ananiambia "yule kijana ana busara sana".

Sasa mimi nasema midia ndio ilitupakia hii picha kichwani. Rap tunaijua kwa kusimuliwa. Anayebisha aje.

#2 Nimekaa Paleee

Mkeka nimetandika, kahawa ipo. Ngoja wajuzi waje.

#3 Mzee wa Redio Mbao

Kijana umeanzia katikati ya hadithi.

Rap ilipoingia Dar mwishoni mwa miaka ya 80 haikuingia kwa wahuni hata kidogo. Iliingia kwa watoto wa Upanga na Oysterbay, wenye kaka zao nje wanaotuma kaseti na mikanda ya video. Redio ilikuwa moja tu, RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), na hiyo rap ilikuwa haina habari nayo. Mwanzoni mwa 90 yakaja mashindano ya Yo Rap Bonanza, Saleh Jabir akachukua mdundo wa Vanilla Ice akauwekea Kiswahili, watu wakashangaa kumbe inawezekana. Wakati huo lawama ilikuwa nini? Ulimbukeni! Wanaiga Wamarekani, wanavaa makoti joto la Dar, wamesahau ngoma zao. Hakuna aliyesema wahuni, nani angemwita mtoto wa mkurugenzi muhuni?

Uhuni ulianza kutajwa muziki uliposhuka Temeke, Tandale, Manzese. Na neno lenyewe lina historia yake. Enzi za Mwingereza kijana asiye na kazi mjini aliitwa muhuni, anakamatwa anarudishwa kwao shamba. Tukapata uhuru, 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, huna kitambulisho cha kazi unapandishwa lori. Mimi mwenyewe nilikimbia Kariakoo na kiatu kimoja. Kwa hiyo neno lilikuwepo tayari linamsubiri kijana wa kijiweni, alipoanza kuchana likamkuta na maiki mkononi. Gazeti halikubuni kitu pale.

#4 Konda Mstaafu

Mzee wa Redio Mbao shikamoo. Kile kiatu kimoja umenimaliza 😂😂 kingine ulikirudia?

#5 Mzee wa Redio Mbao

Marahaba. Kipo kwenye lori mpaka leo.

#6 Zamani Mezani

Nimesoma post #1 nikacheka kwa aibu maana mimi ni mmoja wa waliomwandikia mzee wako.

Nilikaa kwenye gazeti moja pendwa miaka minne, jina naliacha. Niwape siri ya jikoni. Mtu wa dansi akikamatwa tunaandika "mwanamuziki mkongwe apata matatizo". Wa taarab tunaandika "malkia". Wa bongo fleva tunaandika "rapa anaswa", na tukikosa uhakika kama ni rapa au mwimbaji bado tunaandika rapa maana lina herufi nne, linakaa vizuri kwenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Sitanii, nafasi ya herufi imeharibia watu majina.

Kuna rapa mmoja alikuja ofisini na picha za madawati aliyoichangia shule aliyosoma. Zile picha zilikaa wiki mbili kwenye droo, mwisho zikapata aya nne ukurasa wa ndani kabisa chini ya tangazo la mganga wa kienyeji. Wiki iliyofuata akabishana na trafiki. Ukurasa wa mbele! Na picha tuliyoweka aliipiga kwenye video ya wimbo wake, kashika rungu la kuigizia, kakunja uso. Kulikuwa na picha yake nzuri tu anatabasamu na watoto wa shule, mhariri akasema hiyo haiuzi.

Mkitaka kuelewa ukubwa wa hili mwende kwenye meza ya magazeti kituoni asubuhi. Watu thelathini wamesimama wanasoma, wananunua watatu. Wengine wanasoma vichwa vya habari tu wanapanda daladala. Halafu kuna vipindi vya redio na TV vya kusoma magazeti, navyo vinasoma vichwa hivyo hivyo. Kile kichwa nilichokiandika saa nne usiku nikiwa na njaa kinafika Kigoma kabla gazeti lenyewe halijafika, na habari ya ndani iliyoeleza kwamba trafiki mwenyewe alimuomba radhi haiendi popote.

#7 Kandambili Nyekundu

Zamani Mezani aisee. Mzee wangu alikuwa anasoma pale pale kituoni na hanunui! Miaka yote hiyo namheshimu kama msomaji wa magazeti kumbe msomaji wa vichwa.

#8 Shangazi Kaja

Samahani naona mnasukuma mzigo wote kwa waandishi, wasanii wanatoka wasafi kama wametawadha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na ni mama wa vijana wawili. Sihitaji gazeti kuniambia, nina masikio. Nasikia mwenyewe kwenye simu ya mwanangu, mwanamke anaitwa vitu, mtu anajisifia bangi, anajisifia kwamba hajasoma. Video nayo mabinti wanne nusu uchi wamezunguka kaka mmoja kavaa koti la manyoya. Sasa hapo midia imenidanganya nini? Mtu akijipaka masizi asimlaumu mpiga picha.

Kijana wangu alinyimwa chumba cha kupanga sababu ya rasta zake, mwenye nyumba akamwambia "nyinyi wa hip hop sipangishi". Nililia. Lakini nilimwambia mwanangu, hao unaowasikiliza ndio waliokufungia mlango.

#9 Dada Mkaguzi

Shangazi shikamoo, na pole kwa kijana. Ila swali moja. Hao unaowasikia kwenye simu ya mwanao ndio rap yote? Fid Q yumo? Afande Sele aliyechukua taji la ufalme wa vina 2004, yumo? Au umesikia kile ambacho kimesukumwa mpaka kikakufikia?

Tuseme na wanawake maana hapa mnazungumza kama rap ni ya wanaume peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na Zay B, Sister P, Rah P, wakaja kina Witness. Dada hawa walikuwa wanachana hasa. Muulize mtu wa kawaida anakumbuka nini kuhusu Zay B na Sister P. Atakuambia bifu. Mstari mmoja hakumbuki. Hiyo nayo ni kazi ya nani?

#10 Shangazi Kaja

Marahaba mwanangu. Fid Q namfahamu, yule wa Mwanza. Simkatai. Lakini kwa nini yeye ndiye anatafutwa kwa tochi na wale wengine wanakuja wenyewe?

#11 Zamani Mezani

Shangazi hapo umegusa penyewe, na jibu sina.

#12 Msomi Mchovu

Naongeza jambo la utafiti, nitajitahidi nisiwachoshe.

1996 mwanasaikolojia mmoja Marekani, Carrie Fried, alichukua mashairi ya wimbo wa zamani wa Kingston Trio, kundi la muziki wa asili wa Wazungu, wimbo wa 1960. Ndani kuna mtu anamuua polisi. Akawapa watu wasome kwenye karatasi, hakuna mdundo hakuna sauti. Wengine wakaambiwa haya ni mashairi ya rap, wengine wakaambiwa ni ya kantri, muziki wa mashambani wa Wamarekani, au ya asili. Maneno yale yale neno kwa neno. Walioambiwa ni rap wakayaona ya hatari na yanastahili kudhibitiwa, wenzao wakayaona ya kawaida. Kwenye sehemu nyingine ya jaribio akaweka picha ya msanii, mara kijana mweusi, mara mweupe. Mnaweza kukisia ilikuwaje. 2016 watafiti wengine wakarudia jaribio la jina la muziki, na rap ikaonekana tena mbaya kuliko kantri.

Kwa hiyo shangazi, masikio yako sawa unayo, ila kuna kitu kinaingia sikioni kabla ya wimbo.

#13 Pilau Kavu

Msomi Mchovu utafiti wa Wazungu hao sisi unatuhusu nini, na hata hivyo marapa wao walijitakia. Ice-T 1992 si alitoa rap inaitwa Cop Killer? Muuaji wa polisi, jina lenyewe tu. Mtu anaimba hivyo unataka gazeti liandike ni kaswida?

#14 Ngosha wa Kirumba

Mkuu Pilau Kavu umeingia kwenye ndoo mwenyewe. Cop Killer SIO RAP. Ule ni wimbo wa Body Count, bendi ya roki nzito, magitaa mwanzo mwisho. Ice-T alikuwa mwimbaji wa bendi. Kausikilize sasa hivi YouTube. Lakini wanasiasa na vyombo vya habari vya Marekani wakauita rap mwaka mzima, mpaka Rais Bush baba akaulaani, na wimbo ukaondolewa kwenye albamu. Miaka zaidi ya 30 imepita wewe wa Pilau Kavu uko Tabata bado unauita rap. Unaona sasa mada ya Kandambili?

#15 Pilau Kavu

Nimeusikiliza. Dah. Magitaa kweli. Nimekubali yaishe, ila siko Tabata niko Segerea.

#16 Nimekaa Paleee

Segerea ipi, ya nyumbani au ile yenye geti kubwa 😂

#17 Mtu wa 254

Niaje wadau, mimi ni wa huku Nairobi nimekuwa nikisoma tu kwa kando.

Hapa kwetu nimeona hii kitu pande zote mbili. Kalamashaka walitoka Dandora na Tafsiri Hii 1997, na ukiangalia Dandora kwa taarifa ya habari enzi hizo ilikuwa ni jalala na wakora tu, so wakiongea kuhusu maisha ya mtaa wanaonekana wanatetea wakora. 2002 Gidi Gidi Maji Maji wakatoa Unbwogable, wanasiasa wa muungano wa upinzani NARC wakaichukua ikawa wimbo wa kampeni, mzee mzima na suti anaimba rap jukwaani. Hiyo siku hakuna mtu alisema uhuni. Ikitumiwa na mheshimiwa ni ukombozi, ikitumiwa na boda boda ni kelele.

Lakini niseme ukweli pia. 2018 kundi la Ethic wakaingia na Lamba Lolo, gengetone, rap ya mtaani ya huku, ikalipuka, magazeti yakaanza kulia maadili yameisha, mimi nikatetea sana. 2019 wakatoa Tarimbo, watu wakasema inashabikia ubakaji, ikatolewa YouTube. Nikaisikiliza mara mbili nikitafuta mahali pa kuitetea. Sikupata. Kwa hiyo si kila mara midia inasingizia mtu. Shida ni kwamba baada ya hiyo moja, hata yule anaimba kuhusu fare ya matatu akawekwa kwa gunia moja.

#18 Konda Mstaafu

Karibu jirani. Nimecheka "kwa gunia moja". Ndio ilivyo.

#19 Mama Rusha Roho

Mimi nimekuja kutetea taarab maana Kandambili ameanza kutuchokoza kwenye post ya kwanza na wote mmepita kimya.

Nakubali mipasho ipo. Miaka ya 90 tulikuwa tunaenda kumbini vikundi vya TOT na Muungano wakipashana, Khadija Kopa upande huu, Nasma upande ule, wiki hii wimbo, wiki ijayo jibu. Watu wanatunza hela, wanapandisha kanga, wengine wanatoka pale hawasalimiani. Tofauti na bifu lenu ni kwamba sisi tulifunika. Tunasema chungu, tunasema mwiko, mwenye akili anajua. Nyinyi mnataja.

#20 Dada Mkaguzi

Mama, nakuheshimu, ila kufunika hakukuwa sababu pekee. TOT ilikuwa na mlezi, ilikuwa ni kundi lililo karibu na chama tawala. Mpasho ukiwa na mlezi unaitwa utamaduni. Hebu fikiria Kopa na Nasma wangekuwa vijana wawili wa Temeke wenye kofia nyuma mbele, gazeti lingeandika "malkia wapashana"? Lingeandika "vita".

Na Marekani ndicho kilichofanyika kwa marapa 2Pac na Biggie. Watu wawili waliokuwa marafiki, jarida likaweka jalada la Mashariki dhidi ya Magharibi, pande mbili za nchi nzima zikaambiwa zichukiane. 2Pac akauawa Los Angeles Septemba 1996, Biggie Machi 1997.

#21 Ngosha wa Kirumba

Dada Mkaguzi uko sawa ila rekebisha, 2Pac alipigwa risasi Las Vegas na ndiko alikofia, tarehe 13. Los Angeles ni Biggie. Na kusema jarida ndio liliwaua hapana, bunduki haikushikwa na mhariri.

#22 Dada Mkaguzi

Asante kwa marekebisho. Sikusema liliwaua, nimesema liliuza tiketi.

#23 Fundi Spika Kkoo

Wakuu kwa wapenzi wa muziki mnene nina sabufa mbili za kuchongesha mbao ngumu na amp yake, bei maelewano, PM.

#24 Nimekaa Paleee

Harusi ya Mbagala si hiyo hapo mwambie Kandambili 😂

#25 Saa Sita Usiku

Nilikuwa mtangazaji wa stesheni moja ya mkoani, nieleze upande wa redio maana magazeti mmeyachapa vya kutosha.

Kwanza msisahau kwamba bila redio hakuna bongo fleva. Radio One ilipoanza 1994 ndio milango ilifunguka, na jina lenyewe Bongo Flava wengi wanasema lilitoka kwa Mike Mhagama pale pale Radio One kwenye 1996, kutofautisha ngoma za nyumbani na za Marekani. Kwa hiyo redio ni mama wa huu muziki.

Ila mama huyo ana upendeleo. Pale kwetu kulikuwa na karatasi ukutani nyuma ya mlango wa studio, imechorwa kwa rula, safu ya asubuhi, mchana, jioni, usiku. Nyimbo za mapenzi zinaandikwa asubuhi na mchana. Ngoma za kuchana zinaandikwa Jumamosi saa sita usiku, kipindi changu. Hakuna aliyeniambia sababu. Siku moja nilipiga wimbo wa rap kuhusu mama anayeuza vitumbua, saa nne asubuhi, bosi akaingia studio mbio nadhani studio inaungua. "Toa hiyo, wateja wa matangazo wanasikiliza." Nikamwambia bosi hauna tusi. Akasema najua, lakini unasikika kama una tusi.

Nimeiweka hiyo sentensi moyoni miaka mingi. Msikilizaji anayelala saa nne usiku hajawahi kusikia rap ya vitumbua. Anayekesha baa ndiye anaisikia. Sasa mzee akisema rap ni muziki wa walevi wa usiku, kwa upande wake hajadanganya, sisi ndio tuliipanga usiku.

#26 Shangazi Kaja

Saa Sita Usiku, hiyo ya vitumbua inaitwaje? Sijasema nimebadili msimamo, naomba jina tu.

#27 Kinyozi wa Mbali

Heshima kwenu. Niko London mwaka wa 14 nanyoa nywele, vijana wengi ninaowanyoa wanasikiliza drill, rap ya mitaani ya huku.

Huku polisi walikuwa na fomu yao inaitwa 696, promota mwenye tamasha la DJ na MC anatakiwa aijaze. Zamani ilikuwa inauliza mpaka aina ya muziki na watu wanaokuja ni wa kabila gani. Imefutwa Novemba 2017 baada ya malalamiko ya miaka. Januari 2019 vijana wawili, Skengdo na AM, wakapewa kifungo cha miezi tisa kilichosimamishwa kwa kuimba wimbo wao wenyewe jukwaani, maana kulikuwa na zuio la mahakama. Ukisoma magazeti ya hapa utadhani visu viligunduliwa na drill, na kabla ya hapo Waingereza walikuwa wanakata nyama kwa meno.

Lakini na mimi nina kesi yangu. Kuna mteja wangu, mtoto mpole, ananisalimia "shikamoo anko" vizuri kabisa maana mama yake ni wa Tanga. Nikaona video yake YouTube kaficha uso, anatishia mtaa wa pili. Nikamuuliza wewe mambo haya umeyatoa wapi? Akasema anko, nilitoa nyimbo tatu za kawaida hazikuangaliwa, hii imeangaliwa. Sasa niambieni hapo nani kamfundisha mwenzake, gazeti lilimfundisha mtoto au mtoto alilifundisha gazeti? Mimi nimeshindwa, nikamalizia kumnyoa.

#28 Msomi Mchovu

Kinyozi, huo ndio mduara. Na unafika mpaka mahakamani, mistari inasomwa kama ushahidi, kana kwamba ukiimba umeua basi umeua. California 2022 wakatunga sheria ya kubana matumizi ya mashairi kama ushahidi wa jinai. Mwimbaji wa kantri anayeimba kamuua mkewe hakuna anayempigia polisi simu.

#29 Jirani Yako Mbaya

Mnazunguka sana. Wenye nguvu ni serikali, midia ni mpambe tu. Mmesahau Machi 2017? Rapa Nay wa Mitego katoa wimbo wa Wapo, kakamatwa Morogoro, kaletwa Dar. Kesho yake Waziri Mwakyembe anasema Rais Magufuli kaupenda wimbo, aachiwe na upigwe. Wimbo ni ule ule, hakuna aliyeongeza herufi. Jumapili ni kosa, Jumatatu redio zote zinaupiga mpaka spika zinatoa moshi. Hapo gazeti liliamua nini? Lilikaa likisubiri kuambiwa wimbo ni mzuri au mbaya.

#30 Zamani Mezani

Jirani Yako Mbaya umesema kweli na inauma. Siku ile kuna mahali najua walikuwa na vichwa viwili vya habari vimeandaliwa.

#31 Ngosha wa Kirumba

Ndio maana nasema aliyesafisha jina la hip hop Bongo ni rapa Sugu. 2010 kaingia Bungeni kutoka Mbeya, Jay kafuata 2015. Sugu ndio baba.

#32 Konda Mstaafu

Jay. Wimbo wa Chemsha Bongo ndio uliwafanya wazee wasikilize. Sugu ni mpambanaji ila mistari Jay.

#33 Ngosha wa Kirumba

Konda wewe ulikuwa unapiga Koffi Olomide kwenye daladala yako tuache.

#34 Konda Mstaafu

Dereva ndio alikuwa anachagua mimi nilikuwa mlangoni!

#35 Mzee wa Redio Mbao

Nyote wawili mnakosea. Hawakusafisha jina la rap, walisafisha majina yao. Alipovaa suti magazeti yaliandika "Mheshimiwa", siku wakitaka kumkebehi wanaandika "mbunge rapa". Angalia neno gani linatumika siku ya sifa na lipi siku ya lawama. Kandambili, mzee wako alisema Jay ana busara. Alisema rap ina busara?

#36 Kandambili Nyekundu

Hapana mzee. Nilimkumbusha ile kaseti, akasema "ile ilikuwa ya wahuni wengine".

Wakuu nimerudi na mrejesho, kikao cha pili kilikuwa jana. Baada ya kusoma post ya Msomi nilimwambia MC ajaribu kitu. Kwenye ratiba asiandike rap, aandike "shairi la kumuaga bibi harusi, na mpwa wa bwana harusi". Yule mzee wa heshima kavaa miwani, kasoma, kasema "hili zuri, vijana wa siku hizi hawajui mashairi, apewe dakika kumi". Kumi! Aliomba tano.

#37 Dada Mkaguzi

😂😂😂 ila Kandambili umefanya vibaya. Ukimwita mshairi ili apite umekubali kwamba jina lake halisi ni uchafu. Angepita kama rapa au asipite.

#38 Mama Rusha Roho

Kafunika. Nilisema mimi.

#39 Shangazi Kaja

Mimi nasema kijana apande tu. Lakini hayo mashairi mmeyasoma kabla? Nani kayapitia?

#40 Kandambili Nyekundu

Shangazi nimeyapitia, daftari ninalo hapa. Kuna mstari mmoja unamtaja bwana harusi na deni la pikipiki, namshawishi aufute kasema huo ndio mstari mkali. Harusi ni Jumamosi. Fundi Spika nijibu PM, ukumbi una spika moja na inakoroma.